DADA ALIMTAFUTIA MDOGO WAKE KOZI YA UDEREVA, AKAJIKUTA NA YEYE YUKO DARASANI

Kuna dada mmoja wa Tabata, fundi wa nywele, wale ambao ukitaka kusukwa Ijumaa unaweka oda Jumatatu. Jina lake libaki kapuni. Ana mdogo wake wa kiume, miaka 22, anapiga muziki kwenye masherehe: harusi, sendoff, ubarikio, hata bethdei za watoto. Mama yao alifariki dogo akiwa darasa la sita, kwa hiyo dada ndiye mama, ndiye baba, ndiye mdhamini wa mkopo.

Mwaka jana dogo alijichanga, dada akamwongezea, wakanunua IST ya mkononi. Spika zikaacha kupanda bajaji. Mtaani kila mtu akasema dogo katoboa.

Na leseni alikuwa nayo, halali kabisa. Alipita shule ya udereva, akafanya mtihani kwa trafiki, akalipia TRA, kadi hii hapa. Gari lilikuwa limekaa nao miezi minne tu ajali ilipotokea.

Ilikuwa saa nane na nusu usiku, dogo anatoka ukumbini Mbezi Beach anarudi Tabata. Kwenye Barabara ya Mandela, maeneo ya Riverside, akamgonga bodaboda. Jamaa wa boda alivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Dogo hakupata hata mchubuko. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja, na aliirudia vile vile kwa kila aliyemuuliza: "Boda alichomoka ghafla."

Sasa nani angebisha? Mji huu ukisema boda kachomoka ghafla hata bibi yako anaitikia. Mambo yakamalizwa kifamilia. Dada akatoa laki moja "kwa ubinadamu", jamaa akafungwa POP, pikipiki ya bosi ikarudi kwa bosi. Dogo akabadilisha taa na bampa, akarudi kazini.

Ila dada hakuwa sawa. Tangu zamani alikuwa na mazoea: dogo akitoka kazini usiku, anampigia. "Umefika wapi?" Mwenge. Baada ya dakika kumi, tena: "Na sasa hivi?" Ubungo. Baada ya ajali simu zikawa nyingi zaidi. Mapenzi ya dada, si unajua.

Halafu dogo akapata mchongo wa harusi Morogoro. Hela mara tatu ya anayolipwa mjini. Njia yenyewe inakaribia kilomita 200, malori ya Zambia na Kongo yanapishana usiku kucha, na dogo hajawahi kuendesha kupita Kibaha. Dada akasema kitu kimoja tu: "Huendi mpaka usome udereva wa kujihami."

Kwa ambaye hajui, udereva wa kujihami ni kuendesha ukijua kwamba mwenzako barabarani atakosea muda wowote, na wewe uwe umeshajiachia nafasi na muda wa kumkwepa. Shule ya kwanza inakufundisha gia, alama na kurudi nyuma. Hii inakufundisha macho na akili.

Na msidhani dada alikuwa anajitisha bure. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri kati ya miaka 5 na 29 duniani. Zinaua kuliko ugonjwa wowote wa umri huo. Dogo yuko katikati kabisa ya hesabu hiyo.

Tatizo likawa ni kozi ipi.

Ya kwanza ilikuja na dogo mwenyewe, kwa klipu tatu alizotuma kwa dada usiku huo huo. Kuna jamaa maarufu mitandaoni, miwani myeusi, gari linazungushwa uwanjani mpaka matairi yanatoa moshi, muziki juu. Siku moja tu, 150,000, chakula cha mchana, fulana na cheti. Dogo macho yalimtoka.

Dada akaangalia pia vyuo. NIT pale Mabibo na VETA wanafundisha madereva wa magari ya abiria na kadhalika, lakini hizo zinamfaa zaidi anayetafuta kazi ya udereva. Yeye alitaka mtu wa kukaa na dogo mmoja, ndani ya IST moja.

Ya tatu ililetwa na mteja wa saluni. Alikuwa chini ya draya, akasikia stori, akasema kuna mzee Kibaha, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma, anafundisha watoto wa watu mmoja mmoja. Hana ukurasa, hana klipu. Ana namba ya simu tu.

Dada akachukua kikaratasi cha bei za kusuka, akageuza nyuma, akaandika maswali. Akampigia kwanza yule jamaa wa klipu.

"Gari moja mnakuwa wanafunzi wangapi?"

"Kama kumi na tano hivi sista, mnapokezana."

"Kwa hiyo mdogo wangu atashika usukani dakika ngapi?"

Kimya kidogo. "Kama ishirini. Ila anajifunza kwa kuona wenzake."

"Na akifeli?"

"Hamna kufeli sista. Kila mtu anapata cheti."

Hapo ndipo alipomkosa. Dada amefundisha wasusi zaidi ya kumi. Anasema mwanafunzi akitoka kwake bila kufumuliwa kazi yake hata mara moja, huyo hajamfundisha, amemkaribisha chai.

Akampigia mzee. Shikamoo, marahaba, na kabla ya bei mzee akaanza kuuliza yeye. Kijana anafanya kazi gani? Anamaliza saa ngapi? Kabla ya kazi analala? Abiria wake ni akina nani? Tairi za gari lake za mwaka gani?

Dada hakujua kama tairi zina mwaka. Mzee akamwambia aangalie ubavuni, zipo tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Dogo akatoka na tochi ya simu. Tairi za nyuma zilikuwa zinang'aa kwa kupakwa dawa, zimeandikwa 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Dogo alikuwa mtoto wa shule bado hajafikiria hata usukani.

"Mzee, na wewe umewahi kupata ajali?" dada akauliza.

"Mbili. Moja ya mwenzangu, moja yangu. Yangu ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu."

Bei: 240,000. Asubuhi tatu na usiku mmoja, kwenye gari la dogo mwenyewe, dogo peke yake. Cheti hakuna. Akiona hajaiva anasema hajaiva, na hela hairudi. Dada alikuwa na laki tatu kwenye kibubu, za draya mpya. Akavunja kibubu.

Dogo alinuna wiki nzima. "Dada huyo mzee atanifundisha kuendesha Fuso." Washkaji wake wakamcheka kwamba anaenda kusoma udereva wa wazee.

Lakini hebu tuseme ukweli kuhusu yale ya moshi. Norway, nchi ya barafu, waliwahi kuwapitisha madereva wapya kwenye mafunzo ya kulimudu gari linapoteleza. Unategemea ajali zishuke, sivyo? Watafiti walipofuatilia, vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi kwenye barabara za utelezi. Maelezo waliyotoa ni mepesi: kijana akishaamini anaweza kulirudisha gari likimshinda, haogopi tena kulipeleka mahali litakapomshinda. Nchi za kule zikabadili masomo, zikaanza kumwonyesha kijana mipaka yake badala ya kumpa ujanja.

Ndiyo maana kozi ukiiona inamtoa mtoto wako amejaa sifa, iogope.

Siku ya kwanza Kibaha, dada alikwenda naye ili akabidhi hela mkononi. Mzee hakugusa gari. Aliwakalisha chini ya mwembe, akamwambia dogo: "Nitajie mara tatu za mwisho ulizokanyaga breki kwa nguvu."

Dogo akatiririka. Yule wa daladala alisimama katikati ya barabara. Yule mama alivuka bila kuangalia. Yule wa boda alichomoka ghafla.

"Zote zimeanza na yule," mzee akasema. "Rudia. Anza na mimi. Sekunde tatu kabla ya hapo, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Ya kwanza ikatoka: nilikuwa nimeibana sana daladala. Ya pili ikatoka: nilikuwa mwendo mkubwa karibu na zebra. Ya tatu dogo akamwangalia dada yake, akaangalia chini. "Nilikuwa naendesha tu."

Mzee hakumbana. Akasema twende kiwanjani.

Kiwanjani alipanga ndoo tupu za rangi. Zoezi la kwanza breki. Dogo aje mwendo wa 30, akifika kwenye ndoo akanyage. Wakahesabu hatua mpaka gari liliposimama. Kisha aje na 60. Dogo akaweka jiwe mahali alipodhani gari litasimama, mara mbili ya mwanzo. Likapita jiwe, likaenda karibu mara nne. Akarudia mara tatu akidhani amekosea yeye. Hajakosea, breki ndivyo zilivyo: mwendo ukizidisha mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne.

Akafundishwa breki za ABS. Unakanyaga mara moja, kwa nguvu, hauachii, hata pedeli ikitetemeka kama inataka kukatika, huku unakata usukani kukwepa. Dogo alikuwa amezoea kukanyaga na kuachia, alivyoona kwa wajomba na magari yao ya zamani. Kwa gari la ABS hiyo inakuongezea umbali.

Akafundishwa kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo, unaanza: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umebana. Mvua ikinyesha unahesabu mara mbili yake. Na mvua ya kwanza baada ya jua refu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta na vumbi vya lami vinaelea juu kabla havijaoshwa.

Akafundishwa kusema kwa sauti kila anachokiona: boda kushoto, mtoto ana mpira, lori limewasha indiketa ila haliendi. Mzee alikuwa anasema mdomo ukinyamaza, macho yamelala.

Siku ya pili dada hakwenda, alikuwa na maharusi. Saa nne asubuhi akaona bora aulizie maendeleo. Akapiga.

Dogo alikuwa kiwanjani anazunguka mwendo wa 40. Simu ipo kwenye siti ya pembeni, ikaanza kuimba, ikateleza ikaanguka chini kwenye miguu. Dogo akainama. Alipoinua kichwa ndoo mbili zilikuwa zimeshapita chini ya gari, ya tatu imekwama kwenye bampa.

Akasimamisha gari. Mikono kwenye usukani, hasemi. Mzee naye hasemi. Simu inaendelea kuita huko chini.

"Mzee, hii ndiyo ilikuwa."

Mzee akamwacha amalize. Boda hakuchomoka popote. Alikuwa ameshaingia barabarani, taa inawaka. Simu ya dada iliita, ikaanguka, dogo akainama. Basi.

"Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde," mzee akamwambia. "Umeinama sekunde mbili. Mita 22 gari limejiendesha. Usiku ule ulikuwa ngapi?"

"Themanini."

"Basi mara mbili yake. Mita 44 hapakuwa na dereva." Halafu akaongeza: "Sasa hayo kamwambie mwenye simu."

Alimwambia usiku huo, saluni ikiwa imefungwa, dada anafagia nywele. Dada akakaa kwenye kiti cha wateja, fagio mkononi.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ungejilaumu."

"Kwa hiyo ukaamua tumlaumu yule kaka wa watu."

Dogo hakuwa na jibu. Na dada mwenyewe, akiwa amekaa pale, akaanza kuhesabu ni mara ngapi amewahi kumpigia mtu aliye njiani kumuuliza kama yuko salama. Mamia. Kila simu ilikuwa inaomba apokelewe, na kupokelewa kwenyewe ndiyo hatari.

Jumapili wakaenda Manzese, kwa jamaa wa boda. Walimkuta kibarazani, mguu juu ya ndoo, magongo pembeni. Miezi miwili hajafanya kazi, mke anauza vitumbua. Dogo akaeleza yote, bila kukata kona. Alitegemea kutukanwa.

Jamaa akasema, "Nilijua. Nilikuona umeinama. Nilipiga honi."

"Sasa mbona hukusema, kaka?" dada akauliza.

"Kwa nani, dada? Nyie mna gari, mimi nina boda. Ningesema ningesikilizwa na nani?"

Hapo wote wakanyamaza.

Na ujue lile gari lilikuwa na bima ndogo, ile ya lazima, ambayo kazi yake hasa ni kumfidia mtu mwingine anayeumizwa na gari lako. Hakuna aliyeigusa, kwa sababu kumaliza kifamilia kulikuwa kwepesi kwa upande wenye gari. Siku ile walikubaliana kwenda polisi kuweka maelezo upya na kufuatilia bima, na mpaka kieleweke dogo awe anampelekea jamaa hela ya kila wiki. Elfu sitini iliyobaki kwenye kibubu ikawa ya kwanza. Draya ya zamani inaunguruma mpaka leo.

Somo la mwisho lilikuwa la usiku, Kibaha mpaka Mlandizi na kurudi, katikati ya malori. Mzee aliporudi akampigia dada, akasema kijana ameiva nusu. Nusu nyingine iko nyumbani.

Kwa hiyo wakaandika masharti, wote wawili, wakabandika kwenye friji. Dogo: simu inakaa kwenye buti pamoja na spika. Washkaji hawapandi usiku, kwa miezi sita. Usingizi ukija, gari linasimama. Kufungua kioo na kuongeza muziki hakumwamshi mtu. Tairi za nyuma zinabadilishwa kabla ya Morogoro. Dada: hapigi simu dogo akiwa njiani. Hata moja. Hata nyumba ikiungua, apige zimamoto.

Na kwa wanaotaka kile kikaratasi chenye maswali, hiki hapa:

1. Mwanafunzi atashika usukani saa ngapi kwa jumla, na gari moja lina wangapi?
2. Ni gari lake au lenu?
3. Kuna kufeli?
4. Mnafundisha usiku na barabara kuu, au uwanjani tu?
5. Mtu akimaliza, mnataka aondoke na kujiamini zaidi au na tahadhari zaidi?
6. Je, mmeniuliza chochote kuhusu maisha yake kabla ya kunitajia bei?

La sita dada aliliongeza baadaye.

Harusi ya Morogoro ilikuwa Jumamosi. Sherehe iliisha saa nane usiku. Dada alikuwa macho Tabata, simu juu ya mto, anaiangalia. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Mara mbili alifungua jina la dogo, kidole kikafika kwenye kitufe cha kijani, akarudisha. Akaamka akaosha vyombo visivyo vichafu.

Saa kumi kasoro dakika tano ikaingia meseji.

"Dada nimepaki sheli Chalinze. Macho mazito. Nalala mpaka kukuche. Usipige."

Akaisoma mara nne. Akaandika "sawa", akaifuta kabla hajatuma, asije akamwamsha. Akazima taa.